Kuunganisha nyumba mbili kwa redio za mbali: mwongozo kamili, kwa mfano wa kuvuka Ghuba ya Mwanza

Picha ninazotumiwa zinafanana. Dishi limefungwa juu ya paipu, waya umeshuka ukutani, taa zote za kijani zinawaka. Chini ya picha kuna ujumbe: "Fundi, vinaonana lakini intaneti upande wa pili inasuasua." Swali langu la kwanza huwa lilelile: ulitarajia usomaji gani wa nguvu ya mawimbi? Karibu wote hunyamaza, kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu kabla ya kupanda ngazi.

Kiungo kibovu na kiungo kizuri vinawasha taa zilezile. Bila namba uliyoandika mapema, huwezi kujua kama umefika au umesimama njiani. Hatua tatu za kwanza hapa chini hazihitaji hata spana, na ndizo ambazo watu huziruka.

Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba mbili zilizotenganishwa na kilomita 4: moja upande wa Kigongo, Misungwi, yenye intaneti, na nyingine ng'ambo ya ghuba, upande wa Busisi, Sengerema. Kama wewe unavuka bonde au mashamba badala ya maji, hatua ni zilezile. Ruka tu sehemu ya maji.

## Vifaa

Nunua vyote kabla hujaanza. Kazi ya juu ya paa ikikatishwa katikati ili mtu aende dukani, ndipo bolti zinapobaki nusu.

- Redio mbili za nje za bendi ya 5 GHz zenye dishi. Kwa kilomita 2 hadi 10 chagua zenye ukuzaji wa 23 dBi au zaidi (dBi ni kipimo cha jinsi dishi linavyokusanya nguvu upande mmoja), kwa mfano Ubiquiti LiteBeam 5AC Gen2, MikroTik LHG 5 au TP-Link CPE610. Kwa chini ya kilomita 1, redio ndogo ya 13 dBi kama TP-Link CPE510 inatosha. Ziwe za kampuni moja na za aina moja. Kila kampuni ina lugha yake ya kuongeza kasi, na redio za kampuni mbili tofauti, hata zikiunganika, hurudi kwenye Wi-Fi ya kawaida.
- Adapta ya PoE (inayopeleka umeme kwenye redio kupitia waya uleule wa mtandao) ya kila redio, ileile iliyokuja kwenye boksi.
- Waya wa mtandao wa nje, Cat5e au Cat6, wa shaba tupu na wenye ganda la foili. Kwangu unapimwa kwa kisu: kwangua uzi mmoja. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe dukani.
- Vichwa vya RJ45 vya chuma, koleo lake, na kipimo cha waya.
- Paipu ya GI ya inchi 2 kwa mlingoti, vibano vya kuushika ukutani, na nyaya za kuuvuta endapo utazidi mita 3 juu ya kibano cha mwisho.
- Nondo mbili za shaba za kufukia ardhini, waya mnene wa shaba, na vizuia radi vya waya wa mtandao, angalau kimoja kila upande.
- Ruta ya pili kwa ajili ya nyumba inayopokea.
- Kompyuta ndogo yenye tundu la waya, simu mbili zenye salio, kioo cha mkononi, mkanda wa usalama, na mtu wa kukusaidia kila upande.

Kuhusu sheria: kuunganisha nyumba mbili za familia ni jambo moja, kuwauzia majirani intaneti ni biashara inayohitaji leseni: Tanzania ni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na Kenya ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Soma pia mkataba wa anayekuuzia intaneti, kwa sababu baadhi hukataza kuipeleka nje ya nyumba iliyosajiliwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha nyumba zinaonana

Mawimbi ya 5 GHz hayapiti kwenye kilima, ukuta wala mti. Mti mmoja wa mwembe katikati ya njia unatosha kuua kiungo. Wengi hupima wakati wa kiangazi, miti inayopukutisha ikiwa haina majani, kisha masika yanapofika wanasema mvua imeharibu mtandao. Mvua yenyewe hupunguza 5 GHz kidogo sana kwa kilomita chache. Kinachoua ni majani yaliyolowa.

Anza na Google Earth kwenye kompyuta. Weka alama kwenye nyumba zote mbili, chora mstari, kisha fungua mchoro wa mwinuko wa mstari huo. Utaona kilima kama kipo, na utapata umbali kamili pamoja na uelekeo kwa digrii. Andika vyote viwili kwenye karatasi.

Mchoro hauoni miti wala ghorofa la jirani, kwa hiyo nenda ukatazame kwa macho. Panda mahali hasa dishi litakapokaa, si chini uani. Asubuhi au alasiri, jua likiwa upande unaofaa, mwenzako wa ng'ambo ashike kioo na kurusha mng'ao kuelekea kwako, akikizungusha polepole. Mng'ao wa kioo huonekana kilomita nyingi. Kama hakuna jua, subiri usiku na mtumie kurunzi kali.

Umefanikiwa ukiona mng'ao wazi, si nuru inayochungulia kati ya matawi. Nuru ya kuchungulia ni "hapana".

Angalia pia miti michanga iliyo karibu na mstari. Mkaratusi unaweza kuongezeka mita kadhaa kwa mwaka, na kiungo kilichofungwa leo juu ya vichipukizi kitakufa taratibu bila wewe kuelewa kwa nini. Zungumza na mwenye shamba mapema, kwa heshima, kabla hujanunua chochote.

## Hatua ya 2: Acha nafasi ya mtumbwi

Hapa wengi hukwama, kwa sababu kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi yenye umbo la mtumbwi: nyembamba kwenye ncha mbili, pana katikati. Mafundi huiita eneo la Fresnel. Paa au kichaka kikiingia ndani ya mtumbwi huo, nguvu inashuka hata kama unaiona nyumba ya pili vizuri kabisa.

Upana wake katikati ya njia unapatikana hivi: chukua umbali (katika kilomita), ugawanye kwa masafa (katika GHz), tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 8.66. Jibu ni mita kutoka mstari wa katikati kwenda chini, na vivyo hivyo juu na pembeni.

Kwa kilomita 4 na 5.8 GHz, jibu ni mita 7.2. Angalau asilimia 60 ya hapo lazima iwe wazi kabisa, yaani mita 4.3 chini ya mstari wa kuonana. Kwa kilomita 1 unahitaji mita 2.2, kwa kilomita 2 mita 3, na kwa kilomita 8 mita 6.

Mviringo wa dunia kwa kilomita 4 ni kama sentimita 24 tu, usikusumbue. Kwa kilomita 10 unafika mita 1.5, na hapo uuongeze kwenye hesabu.

Andika kwenye karatasi yako: kizuizi kirefu zaidi kilicho njiani, urefu wake, na urefu wa mlingoti unaohitajika kila upande ili mtumbwi upite. Kama unahitaji mlingoti wa mita 20, simama ufikirie upya. Mara nyingi ni nafuu kuomba kona ya paa la jirani aliye juu zaidi.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya nguvu utakayoipata

Hesabu hii ni ya kujumlisha na kutoa tu, na ndiyo moyo wa mwongozo mzima.

Mawimbi yanapoteza nguvu angani hata pasipo kizuizi. Kwa 5.8 GHz upotevu ni desibeli 108 kwa kilomita 1, 114 kwa kilomita 2, 120 kwa kilomita 4 na 126 kwa kilomita 8. Kila umbali ukizidishwa mara mbili, ongeza 6.

Sasa chukua nguvu ya redio inayorusha, jumlisha ukuzaji wa dishi lake, toa upotevu wa angani, jumlisha ukuzaji wa dishi linalopokea. Kwa mfano wetu, redio ikirusha 13 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) na madishi yote mawili yakiwa ya 23 dBi:

13 + 23 − 120 + 23 = −61 dBm

Hiyo ndiyo namba yako. Iandike kwa herufi kubwa. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa, kwa hiyo −55 ni bora kuliko −61, na −75 ni dhaifu. Kiungo cha kutegemewa kikae kati ya −50 na −65. Chini ya −75 utaishi kwa kubahatisha. Juu ya −40 ni kelele ya bure: punguza nguvu.

Kwa nini 13 dBm wakati redio inaweza kurusha 20 na zaidi? Kwa sababu sheria za masafa hupima nguvu ya redio na dishi kwa pamoja, na 13 ukijumlisha 23 unapata 36 dBm, kiwango ambacho nchi nyingi huruhusu kwenye sehemu ya juu ya bendi hii. Chagua nchi yako kwenye redio kwa ukweli, nayo itajiwekea mpaka. Mpaka ukiwa tofauti, rudia hesabu kwa namba hiyo. Watu wanaochagua nchi nyingine ili wapandishe nguvu huwaharibia majirani, na kelele hiyo huwarudia wenyewe.

## Kama njia inavuka maji

Sehemu hii naiandika kwa uchungu. Kiungo changu cha kwanza kuvuka ghuba kilitimiza kila kigezo: kuonana safi, mtumbwi wazi, madishi yote mawili mita 10 juu ya uso wa ziwa. Nilitarajia −61. Nikapata −79, na hakuna kulenga kulikosaidia kwa siku mbili.

Sababu ni kwamba maji ni kioo. Mawimbi yanafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga ziwa kisha kuruka. Yanapogonga maji hugeuka kinyume. Kama njia ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa urefu kamili wa wimbi moja, yale mawili yanakutana yakiwa kinyume na kufutana.

Tofauti ya njia ni 2 × urefu wa dishi la kwanza × urefu wa la pili ÷ umbali, vyote kwa mita. Kwangu ilikuwa 2 × 10 × 10 ÷ 4000, yaani sentimita 5. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa sentimita 5.2. Nilikuwa nimeyaweka madishi karibu kabisa na mahali pa kufutana.

Tiba ikawa kushusha dishi moja hadi mita 5 juu ya maji. Tofauti ikawa sentimita 2.5, nusu ya wimbi, na mawimbi mawili yakaanza kusaidiana. Usomaji ukapanda hadi −58, bora kuliko hesabu, kwa sababu mwangwi sasa ulikuwa unaongeza. Wenzangu hawakuamini kwamba kushusha dishi kunaweza kukipa kiungo nguvu.

Kwa hiyo pima urefu kutoka uso wa maji, si kutoka ardhini. Tafuta tofauti iwe kama sentimita 2.6 au 7.8. Ikikaribia 5.2 au 10.4, badili urefu wa upande mmoja. Nyumba zikiwa juu ya kilima, tuseme mita 30 juu ya ziwa, kusogeza dishi la upande mmoja kwa mita 1.7 kunatosha kutoka pabaya hadi pazuri kwa umbali huuhuu, kwa hiyo acha paipu ndefu ya kutosha kusogeza juu na chini.

Usitegemee mawimbi ya ziwa kuvunja kioo hicho. Kwa madishi ya mita 10 kama yangu, redio inalitazama ziwa kwa mshazari wa chini ya nusu digrii, na kwa mshazari huo hata maji yaliyochafuka kidogo hubaki laini. Kumbuka pia kwamba kina cha Ziwa Victoria hubadilika. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda hadi viwango vya rekodi. Kiungo kilichokaa ukingoni mwa hesabu kinaweza kubadilika pamoja na ziwa.

## Hatua ya 4: Sanidi redio zote mbili mezani

Usipande na redio mpya kutoka kwenye boksi. Ziwashe sebuleni, umbali wa mita chache, zikiwa zimegeuziana pembeni badala ya kutazamana, na nguvu ikiwa ya chini kabisa. Zikitazamana kwa karibu kwa nguvu kubwa hujizibia masikio.

Adapta ya PoE ina matundu mawili. Lililoandikwa PoE linakwenda kwenye redio, lililoandikwa LAN linakwenda kwenye kompyuta au ruta. Ukiyabadilisha unaweza kuunguza tundu la kompyuta. Na usichanganye adapta ya volti 24 na ya 48.

Sanidi moja baada ya nyingine. Zikitoka kiwandani zina anwani moja, na ukiziwasha pamoja kwenye swichi moja hutazipata. Ubiquiti hutumia 192.168.1.20, MikroTik 192.168.88.1, TP-Link za nje 192.168.0.254. Ipe kompyuta yako anwani ya kudumu ya ukoo huo, mfano 192.168.1.10, kisha fungua anwani ya redio kwenye kivinjari.

Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Sasisha programu ya ndani ya redio zote mbili hadi toleo moja.
2. Badili nywila ya kiwandani.
3. Redio ya upande wenye intaneti iwe akses pointi ya kiungo cha nyumba mbili tu. Ya upande wa pili iwe stesheni, yaani ile inayojiunga nayo.
4. Zote mbili ziwe kwenye modi ya briji, si ya ruta. Briji huzifanya zifanye kazi kama waya mrefu, na ruta moja tu ndiyo inagawa anwani. Nusu ya malalamiko ya "imeunganika lakini haifungui kurasa" hutokana na redio iliyoachwa kwenye modi ya ruta.
5. Zipe anwani za kudumu zinazolingana na ruta yako kuu. Kama ruta ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 100 hadi 200, zipe 192.168.1.21 na 192.168.1.22.
6. Weka jina la mtandao, ulinzi wa WPA2 na nywila ndefu. Kwenye stesheni, ifunge kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya mwenzake ili isije ikamfuata mwingine.
7. Upana wa chaneli uwe 40 MHz. Ukiwa mjini kwenye msongamano, 20.
8. Umbali weka wa otomatiki, au kilomita zako ukiongeza kidogo. Redio husubiri jibu la "nimepokea" kwa muda maalumu. Umbali ukiwekwa mfupi kuliko ukweli, itadhani jibu halikuja na kurudia kutuma kila kitu.

Kuhusu chaneli: sehemu ya kati ya bendi, 5,260 hadi 5,720 MHz, inatumiwa pia na rada. Huko redio hulazimika kusikiliza angalau dakika 1 kabla ya kurusha, na ikisikia rada huhama yenyewe. Ukiona redio imewaka lakini kimya, usiikatie umeme, subiri.

Umefanikiwa ukiweza kufungua kurasa za redio zote mbili na tovuti yoyote ukiwa umechomeka kompyuta upande wa stesheni peke yake. Andika anwani kwenye mkanda na ubandike mgongoni mwa kila redio.

## Hatua ya 5: Mlingoti na radi

Pima kwanza mahali mlingoti unapoweza kuangukia. Uwe mbali na nyaya za umeme kwa urefu wake wote na mita chache zaidi, ili hata ukianguka usizifikie. Hili halina mjadala. Usipande peke yako, usipande kukiwa na upepo au wingu la radi.

Paipu isimame wima kabisa, ipime kwa pima maji pande mbili. Paipu iliyolala kidogo itakufanya ulenge kushoto na dishi liinuke. Nyaya za kuvuta ziwe tatu, zikigawana duara sawasawa.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani, kwa hiyo usiuache mlingoti bila kuufunga ardhini. Waya mnene wa shaba ushuke kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye nondo kwa njia fupi iliyonyooka bila kona kali, na uunganishwe na nondo ya ardhi ya nyumba. Nondo mbili zisizounganishwa ni hatari, kwa sababu radi ikipiga karibu, tofauti ya umeme kati yake hupitia kwenye vifaa vyako. Mwanza mawe huzuia kugonga nondo. Chimba mtaro na ulaze waya mtupu wa shaba kwenye udongo wenye unyevu.

Kizuia radi cha waya wa mtandao kikae pale waya unapoingia ndani, nacho kifungwe ardhini. Hakuna kizuia radi kinachostahimili pigo la moja kwa moja. Wingu likija, chomoa adapta ukutani na waya kwenye ruta.

## Hatua ya 6: Waya

Panga rangi za kichwa hivi, ncha zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pima kila waya kabla ya kuupandisha. Jumla isizidi mita 100, na kwa PoE ya volti 24 napenda isizidi 50.

Kabla waya haujaingia kwenye redio au ukutani, uache ushuke kisha upande tena, ili maji ya mvua yadondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Ziba tundu la ukutani, kwa sababu sisimizi hupenda joto la adapta.

## Hatua ya 7: Kulenga

Watu wawili, simu mbili, na kanuni moja: anasogeza mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwingine dishi lake limekazwa na mikono iko mbali.

Lenga kwa makadirio kwanza, ukitumia alama uliyoiona siku ya kioo. Dira ya simu ni ya kukisia tu, na ikiwa karibu na paipu au mabati inadanganya.

Rudisha nguvu ya redio kwenye kiwango cha hesabu. Legeza bolti kiasi cha dishi kusogea kwa kusukuma. Zungusha kushoto na kulia polepole, kidogo kidogo, ukisubiri sekunde 3 hadi 5 kila unaposimama ili usomaji utulie. Ukipata kilele, shika hapo na ufanye vivyo hivyo juu na chini. Kisha mwenzako afanye upande wake. Rudieni mzunguko mmoja tena.

Dishi la 23 dBi lina mwanga mkuu wenye upana wa digrii 9 hivi, lakini pembeni yake kuna mianga midogo ya uongo. Ukilenga kwa mwanga wa pembeni, redio zinaunganika, taa zinawaka, na unashuka ukiwa na furaha na −80. Ndiyo maana ile karatasi iko mfukoni. Usiridhike na kilele cha kwanza. Endelea kuzungusha hadi uone kilele kirefu chenye vilele vidogo viwili, kimoja kila upande. Hicho cha katikati ndicho cha kweli.

Umefanikiwa ukiwa ndani ya desibeli 3 au 4 za hesabu yako, pande zote mbili. Redio hizi zina mawimbi ya aina mbili, wima na mlalo, na ukurasa huonyesha usomaji wa kila moja. Zikitofautiana zaidi ya 3 au 4, dishi moja limepinda au kuna kitu kwenye mtumbwi.

Kaza bolti kwa zamu, kidogo kila moja, huku mwenzako akisoma namba kwa sauti, kwa sababu kukaza huhamisha dishi. Ukimaliza utikise mlingoti kwa mkono. Namba zikiyumba zaidi ya 2 au 3, ongeza nyaya za kuvuta.

## Hatua ya 8: Pima kiungo peke yake

Usikimbilie kupima kasi ya intaneti. Hiyo inapima mtoa huduma wako pamoja na kiungo, na hutajua nani mkosaji.

Piga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu) mara 500 kutoka kompyuta ya upande mmoja kwenda redio ya upande wa pili. Muda uwe milisekunde chache na isipotee hata moja. Kisha tumia kipimo cha kasi kilichomo ndani ya redio. Kwa −61 na chaneli ya 40 MHz, redio kama LiteBeam 5AC Gen2 inapaswa kupitisha zaidi ya Mbps 100.

Nguvu ikiwa nzuri na kasi ikiwa mbaya, tatizo ni kelele. Endesha kipimo cha masafa pande zote mbili, maana kelele huumiza anayepokea na kila paa husikia ya kwake. Chagua chaneli iliyo tulivu kwa wote wawili, hata kama si tulivu kuliko zote kwa mmoja.

## Hatua ya 9: Ruta ya nyumba ya pili

Ruta hii ni ya kusambaza Wi-Fi tu. Ipe anwani 192.168.1.3, zima kabisa ugawaji wake wa anwani (DHCP), kisha chomeka waya wa redio kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, si lile la WAN. Ukisahau kuzima, nyumba zote mbili zitakuwa na wagawaji wawili wanaogombana, na hata nyumba yenye intaneti itaanza kukatika.

Umeme ukikatika upande mmoja, kiungo chote kinakufa. Betri ndogo ya kuhifadhi umeme kwa redio na ruta itakaa muda mrefu, kwani redio ya aina hii hula wati chache. Weka pia kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

## Baada ya hapo

Bandika ile karatasi ndani ya mlango wa kabati la ruta: umbali, uelekeo, anwani zote, nguvu uliyotarajia, uliyoipata na tarehe. Kila mwezi soma namba tena.

Ikishuka kidogo kidogo kwa miezi, kuna mti unakua. Ikishuka ghafla kwa 10 au zaidi baada ya upepo, dishi limegeuka. Ikipanda na kushuka kwa saa kwenye njia ya maji, rudi kwenye hesabu ya kioo. Ikishuka aina moja ya mawimbi tu, kagua dishi lenyewe. Ikiwa namba ni ileile lakini waya unakatika kila mvua ikinyesha, fungua kichwa cha RJ45 cha juu: utakuta maji au kutu ya kijani, na kichwa kipya kitamaliza kazi.